Udongo wa Kona ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo. Mnyapara wa genge letu la barabara, mtu mfupi mwenye sauti ya kumfikia aliye ng'ambo ya bonde, aliitazama kanzu niliyovaa akaniuliza kama nimekuja kazini au nimekuja kuzika. Nilikuwa nimetoka chuoni, kwa sheikh wangu pale mjini Tabora, ambako marehemu baba alitaka nihitimu Kurani kwanza ndipo nishike kazi ya mshahara. Nikaikunja kanzu kiunoni, nikachota maji bondeni, nikamwagia udongo uliotandazwa barabarani. Kufikia jioni viganja vilikuwa vimechubuka kiasi kwamba sikuweza kushika tasbihi. Alhamdulillahi. Riziki yangu yote imetoka katika kumwagia udongo maji.

Nayaandika haya kwa vijana wanaoendesha magreda na maboza leo, wapate kujua kazi hii ilivyofanywa zamani zetu. Nayaandika pia kwa sababu ya kijana mmoja, Yosefu Maganga wa Ntalikwa, mwendesha pikipiki za mbio, aliyeanguka katika kona ya pili ya uwanja niliokuwa nautunza mimi. Watu wameisimulia habari hiyo kwa namna nyingi. Mimi nitaisimulia ilivyotokea, na msomaji anivumilie nikianzia mbali kidogo, kwa kuwa asipoujua udongo hataelewa kosa lilikuwa wapi.

Barabara ya vumbi ni kazi ya maji kuliko kazi ya chuma. Greda lina kisu kirefu tumboni kinachokwangua na kutandaza. Rola ina gurudumu zito linaloshindilia. Lakini kisu na rola havifanyi kitu kama boza, lile gari la tangi la maji, halijapita kwa kiasi chake. Udongo ukiwa mkavu mno, kisu kinaugeuza vumbi. Ukiwa na maji mno, unang'ang'ania gurudumu na kubanduka. Kipimo tulikuwa nacho mkononi: unachota udongo, unafumba kiganja, unafumbua. Ukisimama kama yai, na ukiugusa kwa kidole ukapasuka vipande viwili, uko tayari. Ukimomonyoka, mwite mwenye boza arudi. Ukiacha matope vidoleni, kanywe chai usubiri jua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa Lusu, wilaya ya Nzega, penye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Pale nilijifunza kushindwa, maana kazi ya mwezi mzima ilikuwa inamezwa na mvua ya alasiri moja. Kisha nilihamishiwa Bukene, karibu na stesheni ya reli, kwenye mchanga mweupe usioshikamana na chochote, na huko ndiko nilikopandishwa kwenye greda. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Mkaguzi wa Barabara, Mmoraviani mpole aliyeomba kabla ya kufungua chupa ya chai. Siku moja tuliambiwa Mkuu wa Wilaya angepita, nami nikaunyoosha upande wa kushoto, atakaopita yeye, mpaka ukawa kama sakafu. Bwana Mkaguzi alikitembea kipande kile chote kwa miguu, akarudi.

"Hamisi, upande huu umependeza. Ule mwingine vipi?"

Nikamjibu kwamba Mkuu wa Wilaya hapiti upande ule.

"Ah. Na kurudi atarudi kwa ndege?"

Hakunigombeza. Alisimama tu pale, mikono nyuma, mpaka nikapanda greda nikaanza na upande wa pili. Miaka yangu iliyobaki kazini nilinyoosha pande zote mbili, na nilipohamishiwa Tabora chini ya Mhandisi wa Mkoa, mtu mkali asiyependa salamu ndefu, alinipa barabara ya mashariki, ile inayofuata njia ya zamani ya misafara, akaniacha nayo bila kunifuatafuata. Nilistaafu serikalini nikiwa na jina zuri. Nalisema hilo si kwa kujisifu. Nalisema ili ijulikane nilikuwa na kitu cha kupoteza.

Baada ya kustaafu, klabu ya pikipiki ya mji wetu ilinitafuta. Vijana wa bodaboda walikuwa wameanzisha mbio za mzunguko, na klabu ilikuwa imepata kiwanja Ntalikwa, nje kidogo ya mji. Kwa asiyezijua mbio hizi: waendeshaji wanne hutoka kwenye kamba kwa pamoja na kuzunguka njia ya udongo yenye umbo la yai, daima wakikata kushoto. Pikipiki hazina breki. Kwenye kona mtu hakanyagi kitu, bali huliachia tairi la nyuma liserereke kwenda nje, akiburuza mguu wa kushoto uliofungwa chuma chini ya kiatu, huku mafuta yamefunguka. Hivyo kila kitu kinategemea udongo. Chini panashindiliwa pagumu, na juu yake pana tabaka jembamba la udongo legevu wenye unyevu. Tairi likiukuta legevu, linashika na kusukuma. Likikuta pagumu tupu, linateleza kama sabuni. Mwendeshaji hupanga kila kona kwa kujua kwanza tairi lake litakuta nini.

Kazi ya mtunza uwanja ni kuhakikisha kwamba ndani na nje, kona zote, pako sawa. Kanuni zinasema hivyo, na mimi nilipewa kazi kwa sababu watu wa klabu walikuwa wameipita barabara yangu.

Maganga alikuja msimu wa pili. Alikuwa na kama miaka ishirini, mwembamba, mcheshi, anayebeba magunia ya karanga kwa bodaboda kutoka Ntalikwa kwenda sokoni. Mama yake ni mkulima, mwimbaji wa kwaya ya Moraviani, mjane. Vijana wengine walikuwa wananiona kama mzee wa maji. Huyu alikuja siku ya kwanza akaniuliza kwa nini nauonja udongo. Nikamwambia siuonji, naunusa. Akachuchumaa akanusa naye, akasema unanuka kama mtungi mpya. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya mashindano, kabla watu hawajafika, tulikuwa tunauzunguka uwanja pamoja kwa miguu. Yeye alibonyeza kwa kisigino, mimi nilifumba kiganja, tukabishana. Aliniita babu, nami nilimwona mjukuu. Sina mjukuu wa kiume.

Katika daraja la pili, tukishindana na Nzega na Kahama, alishinda karibu kila mahali. Mtindo wake ulikuwa wa kukata ndani, akibana kabisa ukingo wa kushoto, palipokanyagwa na kupungua udongo wa juu. Alikuwa amezoea kuteleza, kwa sababu njia za Ntalikwa kiangazi ni ngumu kama kigae na yeye alizipita na gunia nyuma. Msimu ulipokwisha akapandishwa daraja la kwanza. Mama yake alichinja kuku, wa kwanza kuitwa nikawa mimi, naye akamshukuru Mungu kwa sala ndefu, nami nikaitikia amina.

Daraja la kwanza lilikuwa jambo jingine. Kule walikuwapo watu wa Mwanza, Singida na Dodoma wenye injini zinazochimba udongo kama jembe la ng'ombe. Walikuwa wanazunguka nje, penye udongo mwingi, wanatoka konani wakiwa wameshapata kasi, na Maganga huko ndani anabaki na mserereko wake mzuri usiompeleka popote. Kule Shinyanga alikuwa wa mwisho. Kule Mwanza alikuwa wa mwisho. Nilisafiri naye kila mara, nikamwona akijifunza kuinamisha macho.

Dodoma ndipo palipomuuma. Mtangazaji wa pale alikuwa Mgogo, na Wagogo ni watani wetu, hivyo ana ruhusa ya kusema analotaka na haturuhusiwi kununa. Maganga alipomaliza wa mwisho kwa mara ya tatu siku hiyo, mtangazaji akamwambia kwenye kipaza sauti, "Mnyamwezi, babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani wakafika pwani. Wewe umekalia injini bado hujafika." Uwanja mzima ulicheka, nami nilicheka, maana lilichekesha. Maganga alicheka vilevile. Kisha akaenda nyuma ya gari letu, akakaa chini, akavaa kofia yake ya chuma ingawa mbio zilikuwa zimekwisha.

Kanuni ni kwamba mwenye pointi chache kuliko wote hurudishwa daraja la pili. Mashindano ya mwisho wa msimu yalikuwa nyumbani, Ntalikwa. Maganga alihitaji siku moja nzuri tu. Akiipata, anabaki. Akiikosa, anarudi kule alikotoka, na klabu nayo, kwa kuwa ilikuwa na mwendeshaji huyo mmoja tu katika daraja lile.

Juma lile Mwenyekiti wa klabu alikuja nyumbani kwangu. Ni mfanyabiashara wa vipuri mjini, mkarimu, mtu tunayeswali naye msikiti mmoja. Nilimkaribisha, akakaa, akaletewa chakula. Aliongea habari ya mvua kwanza, kisha akasema.

"Mzee Hamisi, mimi siombi kuiba. Dodoma walitumwagia mchanga ukingoni, hukuuona?"

Nilikuwa nimeuona.

"Basi kila mtu anapika chungu chake. Kona ya pili, upande wa ndani, kwangua ule udongo wa juu wote, pitisha rola mpaka pang'ae. Huko nje mwaga mwingi, wageni wakalime. Kijana apite ndani anavyojua yeye. Ni kona moja tu, mzee wangu."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wenyeji hawahitaji kuelezwa. Kwetu, mtu mzima akija kwako na ombi, humkatalii angali amekaa. Unamlisha, mnazungumza mengine, anaondoka bila jibu. Kama unakataa, baada ya siku moja au mbili unamtuma mtu wa heshima, shemeji au jirani, akamwambie kwa upole kwamba lile jambo limeshindikana. Hivyo hakuna anayeaibishwa uso kwa uso. Na ikiwa hakuna aliyetumwa, ombi limekubaliwa, mwombaji anaendelea na mipango yake. Ndivyo posa zinavyokwenda, ndivyo mashamba yanavyoazimwa.

Nilimlisha. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Na moyoni nilikuwa nimeshakataa.

Mtu wa kumtuma nilikuwa naye, shemeji yangu Kassimu, fundi seremala, msiri. Kesho yake nilivaa viatu niende kwake, nikavivua. Nilijiuliza, nitamwambiaje Kassimu nilichoombwa? Ingejulikana kwamba Mwenyekiti aliomba njia ya hila, na aliyeitoa siri yake ningekuwa mimi. Tumefundishwa kumsitiri mwenzetu, na mwenye kumsitiri Mwislamu hapa duniani naye husitiriwa kesho. Nikajiambia kwamba namsitiri ndugu yangu. Siku ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Nikaongeza kwamba nikinyoosha uwanja sawasawa, uwanja wenyewe utakuwa jibu.

Siwezi kusema sikushawishika. Alhamisi niliendesha rola mpaka kona ya pili, nikaizima, nikakaa juu yake nikiutazama ule ukingo wa ndani. Nilimwona Maganga na kofia yake nyuma ya gari. Nilikaa pale mpaka nikasikia adhana ya alasiri, nikawasha rola, nikairudisha kwenye banda. Jambo hilo ndilo lililonifanya nijione msafi. Nilikuwa nimeshinda nafsi yangu, nikadhani vita vilikuwa ni hivyo tu.

Asubuhi ya mashindano niliumwagia uwanja maji, nikatandaza, nikapima kwa kiganja kila kona, ndani na nje. Ulikuwa uwanja bora kuliko wowote niliowahi kuutengeneza. Wageni walikuja, wakauzunguka kwa miguu, wakibonyeza na visigino, kijana wa Dodoma akaniambia kwa utani kwamba nimewatandikia mkeka.

Maganga hakuja kuzunguka. Nilimwona kwa mbali, kwenye sehemu yao ya matengenezo, akilifuta tangi la pikipiki lililokuwa safi. Aliinua macho mara moja, akayashusha. Nilielewa kwamba ameshaambiwa kitu. Mtu mwenye akili angevuka kiwanja kile na kumwambia, mjukuu wangu, kona zote ni sawa leo. Ilikuwa hatua za kutembea tu. Lakini niliona aibu kuonyesha kwamba najua alichoahidiwa, yeye naye aliona aibu kunitazama kwa kuwa aliamini nimechafua mikono kwa ajili yake. Nitasema lililo baya zaidi. Nilifurahi kwamba hakuja.

Mama yake alikuwa amekaa na wanakwaya wenzake, wamevaa vitenge vya sare.

Kamba iliruka. Maganga alitoka vizuri, akaingia kona ya kwanza akiwa wa pili, nyuma ya yule wa Dodoma aliyekuwa nje. Walipoikaribia kona ya pili nilimwona akijikunja kwenda ndani, akiilaza pikipiki mapema, mafuta yote wazi, kama mtu anayejua kwamba chini yake patakuwa pagumu na pa kuteleza. Hapakuwa pagumu. Palikuwa na udongo legevu wenye unyevu, uliopimwa na mimi. Tairi la nyuma likashika ghafla, pikipiki ikasimama wima na kunyooka, ikamvusha njia yote kutoka ndani mpaka nje, ikamgonga yule wa Dodoma, wakaenda wote wawili kwenye ukuta wa mbao.

Nilikimbia, kwa umri wangu. Nilipofika yule wa Dodoma alikuwa amekaa, kiwiko kinatoka damu, amekishika kichwa cha Maganga kisigeuzwe. Alikuwa anamwambia, "Mtani, ukitaka kunikumbatia uniambie, nishuke kwanza." Maganga alijaribu kucheka, uso ukakunjamana. Mfupa wa mtulinga, huu unaopita juu ya kifua, ulikuwa umevunjika.

Nilimkuta hospitali jioni ile, mkono umefungwa kifuani. Mama yake alikuwa ametoka kutafuta uji. Hakuniuliza hali ya pikipiki wala nani aliyeshinda.

"Rola haikupita pale?"

Nikasema haikupita.

"Mwenyekiti alisema umekubali. Nilimuuliza mara mbili. Akasema hakuna aliyetumwa kukataa."

"Sikukubali, Yosefu."

"Hukukataa."

Mama yake aliingia na uji, akanishukuru kwa kuja kumwona mwanawe, akaniombea kwa Mungu uzima. Nilikaa kwenye kile kiti nikipokea dua za mwanamke yule, na kama ardhi ingekuwa inafunguka kwa maombi ningeomba.

Maneno yakaenea mjini kwamba Maganga alipagawa na sifa, alitaka kuwaonyesha watu wa nyumbani, akajirusha ukutani na nusura aue mgeni. Vijana wa vijiweni waligeuza jina lake kuwa namna ya kumtania dereva anayeingia kona vibaya. Mwenyekiti alinyamaza, nami nilinyamaza, na Maganga mwenyewe alinyamaza kuliko sisi wote. Klabu ikaitisha mkutano, ajenda ikiwa kumfungia msimu mzima kwa kuendesha kwa hatari. Kurudishwa daraja la pili kulikuwa kumeshakwisha kuamuliwa na pointi. Hili la kufungiwa lingemwondoa kabisa.

Niliswali Ijumaa, nikakaa msikitini mpaka watu wakaisha. Nilikuwa nimesitiri mtu mmoja kwa nguo niliyomvua mwingine, na huyo mwingine alikuwa mtoto wa watu. Jioni nilikwenda mkutanoni. Walikaa kwenye viti vya plastiki ndani ya banda la mashine, Maganga nyuma na mama yake, bandeji ikionekana chini ya shati. Nikaomba kusema. Nilisema Mwenyekiti alikuja kwangu, nikasema alichoomba, nikasema sikumjibu wala sikumtuma mtu, na kwamba kijana aliingia kona ile akiwa ameambiwa pako tofauti na palivyokuwa. Nikasema hakuwa mpumbavu. Aliendesha sawasawa kwa udongo aliokuwa ameahidiwa.

Mwenyekiti angeweza kukana, maana hapakuwa na shahidi. Alivua kofia yake, akaipakata.

"Ni kweli," alisema. "Nilikwenda. Sikuletewa jibu, nikajua nimekubaliwa. Hata ingekuwa leo, ningejua hivyo hivyo."

Hakuna aliyempinga, kwa kuwa kila mtu mle ndani angejua hivyo hivyo. Suala la kumfungia Maganga likafutwa. Mwenyekiti akaachia nafasi yake mwenyewe, bila kusukumwa, na mpaka leo tunaswali msikiti mmoja, tunapeana mkono, tunaulizana habari za nyumbani.

Nilitoka nje nikidhani nimemtua kijana mzigo. Alinifuata mpaka kwenye lango la uwanja. Mama yake alibaki hatua chache nyuma.

"Babu, walikuwa wanasema mimi ni mzembe," alisema. "Mzembe hucheka na watu baada ya muda, wakasahau. Sasa wamejua niliambiwa kona imepikwa, nikavaa kofia nikaingia. Yule wa Dodoma alinishika kichwa. Nitamwambia nini?"

Sikuwa nimeliona hilo. Katika kuwaza kwangu kote, msikitini na juu ya rola, nilikuwa nimejiona mimi na Mwenyekiti, na yeye nilimwona kama kitu kilichoanguka katikati yetu. Sikukumbuka kwamba naye alikuwa na aibu yake aliyokuwa ameificha, na mimi nimeitandaza mbele ya watu kama udongo.

Mama yake ndiye aliyesema. Hakunitazama.

"Utamwambia hivyo hivyo, Yosefu. Simu unayo. Twende."

Wakaondoka. Nilisikia baadaye kwamba alimpigia usiku uleule, na kwamba walizungumza kwa muda mrefu. Yule kijana alimjibu nini, sijui, wala si haki yangu kujua.

Nilirudisha funguo za greda na za boza juma lililofuata. Walinisihi nibaki. Kijana waliyemchukua badala yangu ni mzuri, ana subira, na anaupima udongo kwa kiganja. Nilimwonyesha nilichoweza. Nilimwambia pia kwamba mwenye kazi kama hii ataombwa mambo, na watakaomwomba ni watu wazuri anaowaheshimu, na watamwomba baada ya kula. Nilimwambia amjibu mtu palepale, hata kama chakula kingali mdomoni. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa atoke nje bila nguo. Nilimwelewa, kwa kuwa umri wote niliokuwa nao sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

Sasa niko nyumbani. Nina afya, nina mke mwema, nasoma Kurani baada ya alfajiri kwa macho ambayo Mungu bado hajayachukua. Mtu akiniuliza kama naridhika na maisha yangu ya kazi, namwambia nimepewa mengi kuliko niliyostahili, na nasema kweli. Lakini kuna saa ambapo mwili huwaka moto usoni bila homa. Hunijia nikiwa naswali, nikiwa nanunua nyanya, nikiwa nimelala chali nikitazama dari. Namwona akilifuta tangi. Nimemwomba Mungu msamaha, na rehema yake naitumaini. Aibu haijaondoka, na sijaomba iondoke. Naona ni haki yake kukaa.

Maganga alipona masika ilipokwisha, akaanza upya daraja la pili. Wanasema amejifunza kupita nje, ingawa bado anaanguka mara nyingi. Sijaenda uwanjani. Siku za mashindano nakaa barazani, na njia ya kutoka Ntalikwa kwenda mjini inapita mbele yangu, hivyo asubuhi za siku nyingine namwona akipita na gunia la karanga nyuma. Zamani alikuwa anazima pikipiki, anakaa, anakunywa maji, anauliza udongo ukoje. Siku hizi hasimami. Anapunguza mwendo tu mbele ya baraza, kama anavyopunguza mbele ya mzee yeyote njiani, anasema shikamoo, nami namwitikia marahaba, naye anaongeza mafuta. Namshukuru Mungu kwa shikamoo ile. Kuna asubuhi anapita haraka, vumbi likiwa jingi, na bado huwa haisahau.